Gari la Kale la Kimarekani: Ulirejeshe Lilivyotoka Kiwandani au Ulibadilishe?

Kila ninapoitwa kulitazama gari la kale la Kimarekani hapa Tanga, mwenye gari hunitangulizia swali kabla sijainama: alirejeshe kama lilivyotoka kiwandani, au alitie injini ya kisasa na rangi aipendayo? Huwa simjibu mpaka nimetoka chini ya gari nikiwa na vumbi la kutu kwenye nywele. Mapenzi ya mwenye gari yana nafasi yake, lakini gari lenyewe linastahili kusikilizwa kwanza.

Anza na namba. Magari ya Marekani yaliyotengenezwa kabla ya mwaka 1981 hayakuwa na namba ya utambulisho ya herufi na tarakimu 17 tuliyoizoea. Kila kampuni ilikuwa na utaratibu wake, na anayeufahamu hupata habari nyingi katika namba fupi. Chukua Ford Mustang ambayo namba yake inaanza na 5F09K. Tarakimu 5 ni toleo la mwaka 1965, F ni kiwanda cha Dearborn, 09 ni bodi yenye paa linaloteremka moja kwa moja hadi nyuma, na K ni injini ya V8, yaani ya silinda nane, ya inchi za ujazo 289 yenye nguvu za farasi 271. Gari la namna hiyo lisiguswe kwa msumeno. Lirejeshwe, au auziwe mtu mwenye uwezo wa kulirejesha. Lakini namba ikianza na 5F07T, hilo ni la paa la kawaida na injini ya silinda sita, gari lililokusudiwa mtu wa kipato cha wastani. Zaidi ya Mustang laki nne ziliuzwa katika mwaka wa kwanza baada ya uzinduzi wa Aprili 1964, kwa hiyo ukilibadilisha la silinda sita hakuna atakayekulaumu. Usiridhike na kibati cha mlangoni, kwa kuwa mlango huhamishwa kutoka gari moja hadi jingine. Fungua boneti utafute namba iliyogongwa kwenye bati lililo juu ya gurudumu la mbele la kushoto, kisha uzilinganishe. Usishangae pia ukikuta Chevrolet yenye usukani wa kulia ambayo kibati chake kinataja Oshawa, Ontario, kwani baadhi ya magari yaliyouzwa katika makoloni ya Kiingereza yalitoka Kanada.

Baada ya namba ni bati, na hapa ndipo pwani yetu haina huruma. Gari lililolala miaka kadhaa karibu na bahari huweza kung'aa kwa nje huku ndani likiwa limeliwa na chumvi. Tembea na sumaku ndogo iliyofungwa kwa kitambaa chembamba ili isikwaruze rangi, uipitishe chini ya milango, kuzunguka matao ya magurudumu na kwenye kingo za buti. Mahali inapoacha kushika pamejazwa puti, rojo la kuzibia mashimo ya bati, na puti nene haiwekwi bila sababu. Kwa Mustang za miaka ile kuna kipimo kimoja nisichokiacha kamwe. Mwaga maji taratibu kwenye matundu ya hewa yaliyo chini ya kioo cha mbele, huku mwenzako akiwa ameinama ndani na tochi. Yakidondoka kwenye nafasi ya miguu, ujue bati la ndani limeoza mahali ambapo mkono haufiki mpaka utoboe mishono ya kiwandani, na kwa kuwa gari hilo halina chasisi ya kujitegemea, yaani fremu ya chuma inayobeba bodi, sakafu iliyooza ni sawa na nyumba iliyooza nguzo. Gari lililofika hapo litahitaji kukatwa na kuchomelewa sana kwa njia yoyote utakayochagua, na hoja ya kulinda uasilia wake hupungua uzito. Pikapu ni nafuu kidogo, kwa sababu bodi yake imekaa juu ya chasisi na inaweza kunyanyuliwa.

Tazama pia hali ya gereji utakayoitumia. Nati za magari haya ni za inchi. Fundi mwenye spana za milimita peke yake atatia namba 13 kwenye nati ya nusu inchi, ambayo ni milimita 12.7, nayo itacheza kidogo tu, kisha akikaza nguvu nati italiwa pembe. Nimeona nati za asili za gari zima zikiharibiwa kwa siku mbili namna hiyo. Ikiwa nia ni kurejesha, seti ya spana za inchi inunuliwe kabla ya rangi.

Jambo linalowaponza wengi, nami mmojawapo, ni kudhani kwamba badiliko moja husimama peke yake. Pikapu yangu ni Chevrolet 3100 ya mwaka 1951, niliyoipata Muheza ikiwa imelala kando ya shamba la mkonge. Injini yake ya silinda sita, inchi za ujazo 216, hutumia beringi za madini laini yanayomiminwa na kuchongwa humo humo, kazi ambayo mafundi wanaoiweza wamebaki wachache. Niliona njia rahisi ni kutia injini ya dizeli ya 1HZ ya Land Cruiser, ambayo fundi yeyote hapa mjini anaijua hata akiamshwa usiku. Nikamwendea fundi mmoja mzee wa Ngamiani kumweleza.

"Na giaboksi?" aliniuliza.

"Nitaweka ya Toyota hiyo hiyo, Mzee."

"Basi na difu umeshaliaga, mwanangu. Hebu lala chini utazame."

Nikalala nikatazama. Propela shafti ya pikapu hizo, mhimili unaopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu la ekseli ya nyuma, imefungiwa ndani ya bomba lililoungana na difu, na bomba hilo ndilo linalosukuma gari mbele. Ukiondoa giaboksi ya asili, bomba halina pa kushika. Ukiondoa bomba, difu nalo litoke, na springi zifungwe upya ili zibebe kazi ya bomba. Umeme wake ni wa volti 6, hivyo injini mpya inadai volti 12, pamoja na balbu, nyaya na geji. Kwa hiyo kabla ya kuamua kubadilisha, andika kila kifaa ambacho badiliko la kwanza litakilazimisha kufuata, mpaka mnyororo uishe, ndipo uulize bei. Kwa gari hilo ipo pia njia ya katikati: injini ya Chevrolet ya inchi za ujazo 235, toleo la kuanzia 1954 na si la kabla yake, hukaa mahali pa ile ya 216 kwa marekebisho madogo na hupelekewa oili kwa presha hadi kwenye beringi. Ndiyo niliyoichagua hatimaye.

Yapo mabadiliko ambayo ningeyafanya hata kwenye gari la kurejeshwa. Breki za magari mengi ya kabla ya 1967 hutegemea masta silinda, yaani pampu kuu ya breki, yenye njia moja ya mafuta. Bomba moja likipasuka, magurudumu yote manne hukosa breki. Weka yenye njia mbili. Injini ikifunguliwa, viti vya valvu za kutolea moshi viwekwe vya chuma kigumu, kwa sababu petroli yenye risasi iliyovilinda vile vya zamani haiuzwi tena. Mikanda ya kiti isijadiliwe. Suala la usukani ni gumu zaidi: dereva aliyekaa kushoto haoni mbele ya lori analotaka kulipita katika barabara ya Segera, lakini kuhamisha usukani si kazi ya kuchomelea mtaani, na mimi ningeuacha ulipo na kupunguza safari za mbali.

Kabla ya kugusa injini au rangi, soma kadi ya gari na uende TRA, Mamlaka ya Mapato, kuuliza utaratibu, maana kadi hutaja namba ya chasisi, namba ya injini na rangi, na gari lisilolingana na kadi yake litakusumbua barabarani na siku ya kuuza.

Ukiisha kuamua kubadilisha, funga vifaa vipya kwa bolti kwenye matundu yaliyopo kila inapowezekana, na usikate. Kila kilichotoka kipakwe grisi, kifungwe kwenye gunia kavu, kiandikwe jina na upande kilikotoka. Injini yangu ya 216 haimo katika magunia hayo. Niliiacha nje ya gereji wiki mbili, nikakuta imeshauzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na kabureta yake juu.