Kabla ya Kuwafundisha Wanariadha Chipukizi Kupumua kwa Yoga

Kabla ya kuwaanzishia vijana wako mazoezi ya kupumua ya yoga, yaani pranayama, uliza kwanza nani ana pumu, na uhakikishe kwamba inhela yake iko uwanjani, si nyumbani kwao. Wasiwe wametoka kula. Tafuta mahali pasipo na moshi wala vumbi, jambo ambalo hapa Nakuru wakati wa kiangazi linadai kurauka. Walio Kisumu na kandokando ya ziwa, ambako selimundu, ugonjwa wa kurithi wa damu, si jambo geni, wasimruhusu mtoto mwenye ugonjwa huo kubana pumzi kabla daktari wake hajaridhia.

Kisha wakalishe chini. Hili nalisisitiza kwa sababu niliwahi kulipuuza. Niliwafundisha wakimbiaji wa miaka 13 hadi 16 kapalabhati, mtindo wa kutoa pumzi kwa kishindo, mfululizo, huku tumbo likivutwa ndani. Nilikuwa nimejifunza kwa video tu. Niliwasimamisha wakiwa bado wanahema kwa mbio za mlimani, nikawahimiza waongeze kasi, nikiamini kwamba damu yao ingejaa oksijeni. Msichana mmoja alisema midomo inamfa ganzi, nikamwambia avumilie. Punde vidole vyake vilijikunja na kukakamaa, akaanguka, na kidevu kikapasuka kwenye ukingo wa zege. Wenzake walipiga kelele kwamba ni kifafa, na mama mmoja akakimbilia kijiko cha kumtia mdomoni, kitu ambacho hata mwenye kifafa hasa hapaswi kutiwa. Kliniki alishonwa nyuzi nne. Aliyemhudumia alinieleza, bila kunionea haya, kwamba damu ya mtoto mwenye afya huwa imebeba karibu oksijeni yote inayoweza kubeba, na kwamba kinachopungua mtu akihema kupita kiasi ni hewa ukaa; hiyo ikipungua, mishipa ya damu ya ubongo husinyaa, kisunzi humshika, na misuli ya mikono hukaza.

Tangu siku hiyo tunapumua polepole kupitia puani, kwa dakika tano, katika siku ya mapumziko au kabla ya kulala. Anayehisi ganzi au kizunguzungu huacha papo hapo bila kuomba ruhusa. Waogeleaji wasiheme kwa kasi wala kushindana kubana pumzi kabla ya kuingia majini, kwa kuwa hewa ukaa ndiyo humsukuma mtu avute pumzi, na ikishapungua anaweza kuzimia chini ya maji bila dalili yoyote.

Usiwaahidi medali. Mazoezi haya huweza kumtuliza mkimbiaji kabla ya shindano, lakini hayachukui nafasi ya kilomita. Zungumza pia na wazazi mapema, maana wako wanaoiona yoga kuwa ibada ya kigeni, na si haki wasikie habari hizo kwa mtoto. Maji ya kunywa yawepo, simu iwe na chaji, na mwenye homa au kifua abaki nyumbani.