SOMO: Duka dogo la Tanga kabla ya masika

Masika ni Machi hadi Mei, kila mtu anajua, na bado wenye fremu za mabondeni tunaanza kuinua magunia maji yakishafika mlangoni. Somo hili ni la mwenye duka moja, mtaji wa kawaida, asiye na stoo.

Hatua ya kwanza: daftari. Wengi wangeanza na turubai. Mimi naanza na daftari la madeni. Unga ukilowa, bei yake inajulikana. Daftari likilowa, mteja atasema anadaiwa elfu nane, wewe unakumbuka kumi na mbili, na hakuna wa kuwaamua. Kila wiki ukifunga hesabu, piga picha kurasa mpya, umtumie ndugu anayekaa kwingine, Muheza au Korogwe, maana simu nayo huzama. Fanya hivyo kwa leseni, TIN na mkataba wa fremu. Risiti za mashine zipige picha siku hiyohiyo. Karatasi ile hufifia kwa joto, na joto la Tanga mnalijua. Kisha chukua video ya duka zima, taratibu, huku ukitaja kwa sauti: sukari mifuko mitatu, mafuta madumu mawili.

Hatua ya pili: mzigo. Tafuta alama ya maji ya zamani ukutani, au waulize majirani waliokutangulia. Chaga zako zipite alama hiyo. Chini kabisa weka vya chupa na vya plastiki. Unga, sukari, chumvi na daftari za shule vikae juu. Saruji usiiegemeze ukutani, ukuta unaovuja huigandisha.

Hatua ya tatu: umeme. Jua swichi kubwa ilipo, na msaidizi wako ajue. Maji yakifika kwenye soketi, usiwashe kitu mpaka fundi akague.

Hatua ya nne: pesa. Mtandao ukikatika lipa namba haikusaidii, kwa hiyo weka chenji ya siku mbili tatu, nyumbani, si kwenye droo ya duka.

Hatua ya tano: kusikiliza. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Likitoka angalizo, punguza kununua mzigo wa chini. Ikifika tahadhari, inua. Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia mwanzoni mwa Mei 2024, taarifa zilikuwa zimeshatangulia. Aliyekuwa na redio alikuwa na muda.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mama lishe, Makorora:* Shikamoo mwalimu. Mafuta ya kukaangia yakishika moto nimwage maji?

Marahaba mama. Hata tone! Maji yataurusha moto hadi darini. Zima gesi kama unaifikia, funika karai kwa mfuniko wa bati, liache lipoe palepale. Usilibebe kukimbilia nje. Ukishindwa, toka na piga 114, zimamoto.

*Muuza samaki, Deep Sea:* Umeme ukikatika usiku kucha, samaki wangu?

Usifungue friji kuchungulia. Friji la kugandisha lililojaa hushika baridi kama saa 48 likibaki limefungwa. Lililojaa nusu, kama 24. Likiwa nusu, jazia chupa za maji mapema zigande.

*Dada wa vipodozi, Ngamiani:* Nina bima ya moto. Mafuriko yamo?

Usidhani. Mara nyingi mafuriko huongezwa kwa malipo ya ziada. Mwambie wakala akuonyeshe neno hilo ndani ya mkataba wenyewe. La mdomoni halilipi. Ukipata hasara, piga picha kabla ya kufagia, toa taarifa upesi, na vilivyoharibika usivitupe mpaka waje wavione.

*Kijana wa vifaa vya simu:* Mwenye nyumba hataki nijenge kizingiti mlangoni.

Basi usijenge. Jaza mchanga kwenye viroba, nusu tu ili vilale vizuri, pishanisha kama tofali, na tandika nailoni upande wa mvua. Mvua ikipita unaviondoa, na yeye hana la kusema.