Jinsi ya Kusoma Mwelekeo wa Viwanda vya Kanda Kabla ya Kupanua Biashara

Takwimu za pato la taifa huchelewa kutoka, na zikitoka huzungumzia nchi nzima. Kwa mwenye kiwanda anayefikiria kununua mashine au kuajiri, utafiti wa kila mwezi unaowahoji mameneja wa viwanda vya kanda yake humfaa zaidi, mradi ajue kinachopimwa.

Anza kwa kuelewa namna fahirisi, yaani namba moja inayofupisha majibu ya mameneja hao, inavyokokotolewa. Mameneja hawaulizwi wameuza kiasi gani, bali kama oda, uzalishaji na ajira zimepanda, zimeshuka au zimebaki zilivyokuwa mwezi uliotangulia. Katika utafiti ambao tawi la Benki Kuu ya Marekani la Philadelphia limekuwa likiufanya tangu 1968, asilimia ya walioona hali imeshuka hutolewa katika asilimia ya walioona imepanda. Wakiwa 25 na 40, fahirisi ni 15, na sifuri ndiyo mpaka kati ya kukua na kusinyaa. Fahirisi za mameneja wa manunuzi huchukua asilimia ya walioona ongezeko na kujumlisha nusu ya wasioona mabadiliko, kwa hiyo mpaka wake ni 50. Angalia kwanza unasoma mizani ipi, kwa sababu 15 ni habari njema katika ule wa kwanza na ni msiba katika huu wa pili.

Kumbuka pia kwamba namba hiyo huonyesha jinsi hali ilivyoenea, si ukubwa wake. Fahirisi ya Philadelphia iliposhuka hadi karibu −57 mnamo Aprili 2020, haikumaanisha kwamba uzalishaji ulipungua kwa asilimia 57; ilimaanisha kwamba walioona hali inashuka waliwazidi mno walioona inapanda.

Kisha achana na fahirisi kuu, uingie ndani yake, maana hapo ndipo penye faida. Oda mpya zikipanda huku bidhaa ghalani zikipungua, uzalishaji hauna budi kufuata. Lakini uzalishaji ukipanda wakati oda zinashuka, huenda viwanda vinamalizia kazi za zamani tu au vinajaza maghala. Muda wa wasambazaji kufikisha malighafi unahitaji tahadhari: ukirefuka, fahirisi za manunuzi huhesabu kwamba mahitaji yameongezeka, ilhali wakati wa janga la korona ulirefuka kwa sababu ya uhaba na vikwazo vya usafirishaji. Linganisha vilevile bei za malighafi na bei za kuuzia, kwa kuwa za kwanza zikikimbia zaidi, mauzo yanaweza kukua huku faida ikiliwa.

Matarajio ya miezi 6 ijayo mimi huyasoma kwa kusitasita, kwani wafanyabiashara wengi hutumaini kwa tabia. Mipango yao ya kununua mitambo hunishawishi zaidi, kwa sababu inagusa mfuko.

Usiamue kwa mwezi mmoja. Viwanda vinavyojibu katika kanda moja si vingi, hivyo namba huyumba. Tumia wastani wa miezi 3 wa takwimu zilizoondolewa athari za msimu, uuweke kando ya daftari lako la oda. Vyote viwili vikipanda, ongeza zamu kabla ya kukopa fedha za mashine. Kanda ikipanda na oda zako zikabaki palepale, ahirisha upanuzi, uwaulize wateja wako sasa wananunua wapi.