Soma mkia kwanza: jinsi linki na mafaili ya kupakua yanavyoingiza virusi

Msimu wa korosho ukishafunguliwa, steshenari yangu hapa Mtwara mjini haipumui. Makatibu wa vyama vya msingi wanakuja kuprinti orodha za malipo, vijana wanakuja na maombi ya ajira, na kila flashi inayochomekwa naitazama kwa jicho la pembeni. Mwaka juzi katibu mmoja aliweka laptopu yake juu ya kaunta, hata shikamoo yangu hakuimalizia kuipokea.

"Fundi, mashine imekuwa nzito, inafungua matangazo yenyewe. Na sijafanya kitu, nimefungua pidiefu tu."

Tuanzie kwenye hiyo pidiefu.

Hatua ya 1: Fichua mikia ya mafaili

Faili lilikuwa na picha nyekundu ya PDF na jina Orodha_ya_Malipo.pdf. Kwa macho, halina neno. Nikafungua folda, nikabonyeza "View", nikaenda "Show", nikaweka tiki kwenye "File name extensions". Kwenye Windows 10 tiki hiyo unaikuta ndani ya "View" moja kwa moja. Jina likarefuka mbele ya macho yake: Orodha_ya_Malipo.pdf.exe. Mzee akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

Windows huficha mkia wa mwisho wa jina, yaani herufi zinazofuata nukta ya mwisho, mpaka uiambie isifiche. Na ile picha nyekundu haithibitishi chochote, kwa sababu picha ya faili la .exe anaichagua aliyelitengeneza. Ujanja huu ni wa zamani. Mei 2000 kirusi cha ILOVEYOU kilitokea Ufilipino kikazunguka dunia kwa barua pepe, kimebebwa na kiambatisho kiitwacho LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Wengi waliona TXT, wakadhani ni barua.

Ukiona .exe, .msi, .scr, .bat, .vbs, .js au .lnk, ujue hiyo si karatasi ya kusoma. Ni amri, na ukibofya mara mbili umeitekeleza. Kwenye simu ya Android mkia wa kuogopa ni .apk uliotumwa kwenye kundi la WhatsApp. Nao .docm na .xlsm hubeba makro, yaani amri ndani ya waraka. Waraka ukikubembeleza ubonyeze "Enable Content" ndipo usomeke, ufunge. Kuna na zip iliyofungwa kwa paswedi, halafu paswedi yenyewe imeandikwa kwenye ujumbe uleule. Jiulize imefungwa ili nani asione. Ni antivairasi.

Hatua ya 2: Soma linki kutoka nyuma

Linki nayo ina mkia, ila huu unausoma kwa kurudi nyuma. Ruka https:// ya mwanzo, tafuta mkwaju (/) wa kwanza unaofuata, simama hapo, kisha rudi kushoto vipande viwili au vitatu vilivyotenganishwa na nukta. Hapo ndipo alipo mwenye nyumba. Chukua mfano huu niliotunga:

https://necta.go.tz.matokeo-hapa.xyz/angalia

Jicho linakimbilia necta.go.tz, anwani ya Baraza la Mitihani, kwa sababu iko mbele. Lakini mwenye nyumba ni matokeo-hapa.xyz; hayo mengine ameyabandika mlangoni kama kibao. Tovuti ya serikali yetu huishia .go.tz kabla ya mkwaju, basi. Kwenye kompyuta, weka mshale juu ya linki bila kubofya, anwani halisi itatokea chini ya brauza. Kwenye simu, ishikilie kwa kidole mpaka ijionyeshe.

Kile kikufuli cha https kisikulaze. Kinasema tu kwamba mazungumzo yenu hayasikilizwi njiani. Unaweza kuongea faragha kabisa na mwizi.

Hatua ya 3: Kataa amri za ukurasa

Kufungua linki peke yake, kama brauza na Windows yako zimesasishwa, mara nyingi hakutoshi kukuambukiza. Brauza iliyozeeka ni habari nyingine, ina matundu. Kwa hiyo usiionee bando huruma, sasisha. Windows 10 yenyewe Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Kwa kuwa mlango umefungwa, wanakuomba wewe ufungue. Ukurasa unauliza kama wewe si roboti, halafu unakupa "hatua za uthibitisho": bonyeza Windows na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter. Soma polepole. Ukurasa umeshanakili amri kimyakimya, nawe unaibandika na kuitekeleza kwa mkono wako. Hakuna uthibitisho wa kweli unaohitaji vitufe hivyo. Na wakikuomba ruhusa ya kukutumia taarifa (notifications), kataa; yale matangazo ya "kompyuta yako ina virusi 5" pembeni ya skrini mara nyingi huanzia hapo.

Hatua ya 4: Pakua kwa mwenye mali

Andika mwenyewe anwani ya mtengenezaji. Kwenye tovuti za kuokoteza utakuta vitufe vitatu vikubwa vya kijani vya "Download", na vyote huweza kuwa matangazo. Kuhusu kraki, yaani vijiprogramu vya kukwepa kulipia, sina mdomo mrefu: niliwahi kuzima antivairasi kama maelezo yalivyotaka, nikaweka programu ya kuamsha Windows bila kulipia, na wiki hiyohiyo nikapoteza akaunti yangu ya barua pepe. Tangu hapo, faili likiniomba nizime ulinzi kwanza, nalifuta.

Hatua ya 5: Piga bambo

Mnunuzi wa mchele hamwagi gunia zima. Anachoma bambo, anatoa punje, anatazama. Bambo letu ni virustotal.com. Unapeleka faili au linki, inapimwa na antivairasi nyingi kwa mpigo, bure. Ila usipeleke orodha ya wakulima au mkataba wa mtu, maana kinachopakiwa pale hugawiwa wachunguzi wengine. Na matokeo safi si kiapo: kirusi kipya huweza kupita.

Hatua ya 6: Kama umeshafungua

Zima Wi-Fi au chomoa waya. Usiandike paswedi yoyote kwenye mashine hiyo. Ingia "Windows Security", "Virus & threat protection", "Scan options", chagua "offline scan" ya Microsoft Defender. Hifadhi kazi zako kabla, kwa kuwa kompyuta itajizima na kuwaka ikichunguza kabla Windows haijaamka. Ni kama robo saa. Wakati huo, chukua kifaa kingine safi ubadilishe paswedi, ukianza na barua pepe.

Kwenye laptopu ya katibu, uchunguzi huo ulikamata virusi viwili. Akashusha pumzi, akawa anakunja waya wa chaja aondoke. Nikamuuliza ni flashi ngapi zimepita kwenye laptopu ile tangu jana. Akahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, akahamia wa pili, kisha akatoa simu akaanza kupiga.