Ada ya mkazi wa jimbo kwenye vyuo vya Marekani: makaratasi gani yanakubalika na mwaka unaanza kuhesabiwa lini

Bili ya kwanza ya chuo ya mdogo wangu nilidhani wamekosea kuandika. Dogo alikuja kwa loteri ya grinikadi, anaishi kwangu, makaratasi yake safi, chuo chenyewe cha serikali kiko nusu saa kwa basi, halafu wamemwandikia ada ya mtu wa nje ya jimbo. Tukaenda ofisi ya msajili tumefura. Yule mama wa dirishani wala hakubishana, aliomba leseni ya udereva, akaiweka mezani, akatuonyesha kwa ncha ya kalamu zile herufi ndogo ISS, yaani siku ilipotolewa, na tarehe iliyo pembeni yake. Miezi mitatu. Dogo alikuwa ameshakaa miezi kumi na tatu lakini muda wote huo alikuwa anapanda basi, hakuona haja ya leseni, sasa mbele ya huyo mama ni kama alifika juzi.

Nimeona wengi wanaumia hapo hapo, ndo maana naandika. Na sio hela ndogo jamani. Kwa hesabu za College Board, shirika linalokusanya takwimu za ada za vyuo, mwaka wa masomo 2024-25, wastani wa ada ya chuo cha serikali cha miaka minne ulikuwa dola 11,610 kwa mkazi wa jimbo na dola 30,780 kwa wa nje, hapo chumba na chakula bado. Hiyo tofauti ni mwaka mzima wa kubeba boksi.

Kitu cha kwanza kuelewa, hakuna sheria moja ya nchi nzima inayosema nani mkazi. Kila jimbo lina yake, na kwenye baadhi ya majimbo hata vyuo vinatofautiana. Kwa hiyo ukimuuliza shemeji yako aliyeko Ohio na wewe uko Texas atakujibu kwa nia njema kabisa na atakupoteza. Ila karibu kote maswali ni mawili na watu wanayachanganya: la kwanza, je hadhi yako ya uhamiaji inakuruhusu kuhesabiwa mkazi? La pili, umethibitisha huo ukazi kwa muda unaotakiwa? Dogo alipita la kwanza akaanguka la pili. Wengine wanaanguka la kwanza na hawajui, wanakusanya bili za umeme miaka miwili bure.

Tuanze na hilo la makaratasi. Ukiwa raia, una grinikadi, ni mkimbizi, au umeshapewa hifadhi, unahesabiwa sawa na raia kwenye suala la ukazi, kilichobaki ni kuthibitisha. Uliyekuja kwa loteri usisubiri kadi ya plastiki ifike kwa posta ndo uanze mambo yako, viza ile kwenye pasipoti ikigongwa mhuri pale uwanja wa ndege ni ushahidi wa ukazi wa kudumu kwa mwaka mmoja, fungua akaunti nayo, nenda nayo DMV, ofisi ya leseni za udereva.

Wa F-1, viza ya mwanafunzi, ndo wanaumia zaidi. Unakuta mtu ana miaka mitano hapa, ana nyumba ya kupanga, gari, analipa kodi, bado anatozwa ada ya nje. Sababu ni kwamba ulipoomba F-1 uliahidi una makazi nyumbani na hutaki kuyaacha, sasa huwezi upande mmoja useme kwangu ni Tanzania na upande wa pili useme kwangu ni Kansas. J-1, viza ya programu za kubadilishana, na viza ya matembezi ya B-2 nao kwa kawaida wako kundi hilo hilo. Mnaotafuta njia kupitia F-1 angalieni msamaha wa ada ya nje, baadhi ya vyuo vinautoa kwa wenye maksi nzuri au wanaofanya kazi ya kufundisha au utafiti idarani, hiyo ni njia halali na watu hawaiulizii.

H-1B, viza ya kazi za kitaalamu, na wategemezi wao wa H-4, pamoja na L ya wanaohamishwa na kampuni yao, wako tofauti, sheria inawaruhusu kuwa na nia ya kubaki, kwa hiyo majimbo mengi yanawakubali. Hata watoto wa G-4, wale ambao mzazi anafanya kazi Benki ya Dunia au IMF, walishapiganiwa mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, kesi ya Toll v. Moreno mwaka 1982 dhidi ya Chuo Kikuu cha Maryland, wakashinda. Lakini mzazi mwenye mtoto wa H-4 sikiliza vizuri hapa: akifika miaka 21 hiyo H-4 inaisha, wengi wanahamia F-1 ili waendelee kusoma, na kwenye majimbo mengi siku anayohamia F-1 na ada ya mkazi inaweza kuondoka naye. Kama foleni yenu ya grinikadi ni ndefu, hesabuni miaka ya mtoto mapema, msingoje yuko mwaka wa tatu.

Aliyeoa au kuolewa na raia na maombi yako bado yanashughulikiwa, kuna majimbo, Texas ikiwemo, yanayohesabu ukishafungua I-485, fomu ya kuomba grinikadi ukiwa ndani ya Marekani, na una ile barua ya kupokelewa. Wengine wanataka mpaka uidhinishwe. Hii uliza chuo chenyewe, kwa maandishi, ubaki na jibu.

Wasio na makaratasi na wenye DACA, ile ruhusa ya muda kwa walioletwa Marekani wakiwa watoto, hapa panabadilika kila mwezi. California tangu 2001 ina AB 540, sheria inayowaruhusu kulipa ada ya mkazi, ambayo haiangalii ukazi bali kama ulisoma shule za huko angalau miaka mitatu na ukamaliza. Texas ndo ilikuwa ya kwanza, mwaka huo huo 2001, lakini Juni 2025 serikali kuu iliishtaki, jimbo likakubali siku hiyo hiyo na jaji akaizuia sheria. Florida nayo ilifuta ya kwake, mwisho ulikuwa tarehe 1 Julai 2025. Kwa hiyo ukikuta maelezo ya zamani usiyaamini, na usijaze fomu ya chuo kwa kubahatisha hadhi yako, kama uko kundi hili ongea na wakili wa uhamiaji au ofisi ya wanafunzi wahamiaji ya chuo kwanza.

Haya, umepita makaratasi. Sasa mwaka mmoja. Majimbo mengi yanataka miezi 12 mfululizo kabla ya muhula kuanza, na sio tu mwili wako uwepo, inatakiwa ionekane ulikuja kuishi, sio kusoma. Texas wanahesabu miezi 12 kurudi nyuma kutoka siku ya kuhesabu wanafunzi, ambayo kwa mihula mirefu ni siku ya 12 ya masomo. California wanataka zaidi ya mwaka mmoja, yaani siku 366. Siku moja ikipungua imepungua, wala usimlilie mtu dirishani.

Sasa ule mwaka unaanzia wapi? Hauanzii siku ndege ilipotua, unaanzia pale unapoweza kuonyesha karatasi. Kwa hiyo ndani ya wiki za mwanzo fanya hivi: jina lako liwe kwenye mkataba wa nyumba, na kama unaishi kwa ndugu mwombe akuandikie barua, aisaini mbele ya mthibitishaji wa saini (notary) aigonge mhuri, halafu uwe na barua za benki zinazokuja kwa anwani hiyo. Chukua leseni ya jimbo, kama huendeshi chukua kitambulisho cha jimbo, ofisi ni ile ile na hakuna mtihani wa barabarani. Anza kazi yenye W-2, ile karatasi ya mwajiri inayoonyesha mshahara na kodi uliyokatwa. Ikifika msimu wa kodi jaza fomu ya jimbo hilo kama mkazi, na kama ulihamia katikati ya mwaka jaza ya mkazi wa sehemu ya mwaka yenye tarehe ya kuhamia, hiyo tarehe wanaipenda sana. Gari likiwepo lisajili hapo hapo, usiache namba za jimbo ulilotoka eti bima ni rahisi.

Sasa kuna kitu kimoja naomba usifanye. Kwenye orodha ya ushahidi vyuo vingi utakuta wameandika kadi ya mpiga kura. Hiyo ni kwa raia tu! Mwenye grinikadi akijiandikisha kupiga kura anaweza kupoteza kila kitu, mpaka kufukuzwa nchini na uraia kukataliwa baadaye. Na mtego uko DMV, maana wakati wa kujaza fomu ya leseni kuna swali linakuja kama utani hivi, unataka kujiandikisha kupiga kura, na mtu mgeni anabonyeza ndiyo kila kitu ili amalize. Soma. Bonyeza hapana. Chuo hakiwezi kukunyima ukazi kwa kukosa karatasi ambayo sheria inakukataza kuwa nayo, wape nyingine.

Kosa jingine ni kuanza masomo mzigo kamili mara tu unapofika. Ukifanya hivyo majimbo mengi yanachukulia kwamba ulikuja kwa ajili ya shule, na kuwatoa kwenye hiyo imani ni kazi. Mwaka wa kwanza fanya kazi, na kama roho inakuwasha chukua somo moja moja.

Halafu umri. Ukiwa chini ya miaka 24 na hujaoa, mara nyingi ukazi wako unafuata wa wazazi, na hasa wanaangalia nani anakuweka kama mtegemezi kwenye fomu yake ya kodi. Wazazi wako Maryland wamekuweka kwenye kodi yao, wewe uko kwa mjomba Texas unadai ukazi wa Texas, hapo unajipinga mwenyewe kwa karatasi. Maliza hilo na wazazi kabla ya mwezi wa nne, fomu za kodi zinapotakiwa.

Ukishakataliwa sio mwisho. Kuna fomu ya kuomba kubadilishiwa daraja la ukazi, na ina tarehe yake ya mwisho, ambayo sio sawa na ya kulipa ada. Sisi tulirudi muhula uliofuata na bahasha: W-2, barua za benki kuanzia miezi ya mwanzo alipofika, fomu ya kodi ya jimbo, barua yangu yenye mhuri, na barua fupi ya dogo inayopanga matukio kwa tarehe bila kulalamika. Leseni tuliiweka ya mwisho kabisa. Walimkubalia baada ya wiki tatu, kuanzia muhula huo. Ile tofauti ya muhula wa kwanza hawakurudisha, na nilipouliza yule mama akanionyesha mstari kwenye fomu, kwamba mabadiliko hayarudi nyuma.