Kuhariri Kihispania kisiwafiche wanawake

Kabla ya kugusa neno lolote, saka. Kihispania hutumia umbo la kiume la wingi hata kwa kundi lenye wanaume na wanawake. Pitia andiko zima, upake rangi kila "los" (kitangulizi cha kiume), "todos" (wote) na "ellos" (wao), pamoja na majina ya watu wengi yenye umbo la kiume. Kisha jiulize kwa kila moja: hapa wanasemwa wanaume peke yao, au watu wote? Kama ni wanaume tu, liache lilivyo. Anayetafsiri kutoka Kiswahili awe macho zaidi, maana "walimu" wetu hawana jinsia na mashine mara nyingi huwageuza "los profesores", umbo la kiume, kimyakimya.

Kosa baya kuliko yote ni lile ambalo Álvaro García Meseguer, mhandisi wa Kihispania, aliliita "salto semántico", yaani mruko wa maana. Sentensi inaanza kana kwamba inahusu watu wote, ikifika katikati inageuka ya wanaume: "Los vecinos acudieron a la asamblea con sus mujeres." Majirani wamekuja na wake zao, kumbe hao wake si majirani? Ukichomeka "y las vecinas" (na majirani wa kike) hapo unaharibu zaidi. Vunja sentensi, uandike upya: "Acudieron a la asamblea las parejas del barrio", yaani wenzi wa mtaa walikuja mkutanoni.

Kwingineko, jaribu kwanza njia isiyoonekana. "Los interesados deberán firmar" (wanaotaka watie sahihi) iwe "Quien tenga interés deberá firmar". "Bienvenidos" (karibuni) iwe "Te damos la bienvenida". Kwenye fomu, "nacido en" (aliyezaliwa) iwe "lugar de nacimiento" (mahali pa kuzaliwa).

Ikishindikana, tumia jina la kundi: "alumnado" (wanafunzi), "profesorado" (walimu), "ciudadanía" (raia). Mtego wake ni hesabu. "Treinta alumnos" haiwezi kuwa "treinta alumnados". Andika "treinta estudiantes".

Kutaja jinsia zote mbili kuje baadaye, na mara moja yatosha, pale mwanzo. Ukiandika "los alumnos y las alumnas admitidos" (wanafunzi wa kiume na wa kike waliokubaliwa), kivumishi "admitidos" kimerudi kwenye umbo la kiume na kazi yako imekwenda bure. Kwepa kivumishi: "las alumnas y los alumnos con plaza" (waliopata nafasi). Anayerudia jozi hizo kila mstari humchosha msomaji, na wapinzani hupata la kuchekea.

Vyeo vya wanawake havina mjadala: "jueza" (jaji), "médica" (daktari), "ingeniera" (mhandisi). "Presidenta" (rais wa kike) imo katika kamusi ya Real Academia Española, chuo cha lugha ya Kihispania, tangu 1803, kwa hiyo anayekuambia ni uzushi wa juzi mwonyeshe tarehe.

"Todxs" na "tod@s", maandishi ya "todos" yanayojaribu kuficha jinsia, ziepuke: hazitamkiki, na programu zinazowasomea wasioona hukwama hapo. "Todes", yenye "e" badala ya "o", hutamkika; itumie kwa anayejitambulisha hivyo au kwa hadhira iliyoizoea. Academia haiikubali, na mwaka 2024 serikali ya Argentina ilipiga marufuku lugha jumuishi katika ofisi zake. Hispania, kinyume chake, sheria ya 3/2007, kifungu cha 14, inataka lugha isiyobagua katika utawala. Kwa hiyo uliza andiko linakwenda nchi gani na ofisi ipi.

Mwisho, geuza jinsia. Waziri mwanamke ameelezwa gauni lake? Weka mwanamume mahali pake usome tena, ukicheka, futa. Angalia na majina: "el doctor López y Carmen" hupita wahariri wengi. Carmen naye ana jina la ukoo, na pengine ni daktari vilevile.