Namna ya kufuatilia safari ya kisiasa ya mbunge wa jimbo mjini Lubumbashi

Anza na tarehe za uchaguzi, si mabango ya kampeni. Katiba ya Kongo (DRC) ya 2006 inawapa wabunge wa majimbo, yaani wa bunge la jimbo na si la taifa, muhula wa miaka 5, lakini uchaguzi wa majimbo haukufanyika mwaka 2011, hivyo waliochaguliwa Oktoba 2006 waliendelea kukalia viti hadi baada ya uchaguzi wa Desemba 2018. Usikisie mihula kwa kuhesabu miaka. Kumbuka pia kwamba Katanga iligawanywa mwaka 2015 kuwa majimbo manne, na Lubumbashi ikabaki makao makuu ya Haut-Katanga. Matokeo tafuta kwa CENI, tume ya uchaguzi ya Kongo. Kisha linganisha ahadi za mheshimiwa na hoja alizowasilisha bungeni. Kuhusu kura ya wabunge hao ya kumchagua gavana wa jimbo, ambayo ni ya siri, majigambo ya mheshimiwa kuhusu alivyopiga kura usiyaandike kama ushahidi.